Neno la Mlangoni: Uhakiki wa Lugha ya Wahamasishaji wa Kujitolea Katika Habari ya UKIMWI

Tangu wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, maneno mengi mno yamesemwa na kuandikwa kwa Kiswahili juu ya maradhi hayo. Sehemu kubwa ya maneno hayo haikutoka vinywani mwa matabibu, wala kalamuni mwa waandishi. Yalisemwa na watu wa kujitolea: waliopita nyumba kwa nyumba, waliosimama mbele ya wanafunzi chini ya mwembe, waliocheza michezo viwanjani, na waliokaa kitako kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye ndugu zake walikuwa wamekwisha kumtengea sahani yake. Wachunguzi wa lugha na fasihi wameyapima mabango, tamthilia na matangazo ya redio. Neno la mlangoni wameliacha, kana kwamba ni mwangwi tu wa lile lililotungwa ofisini. Upungufu huo si mdogo, maana mlangoni ndipo maneno ya ofisini yalipojaribiwa, na mengi katika hayo hayakustahimili jaribio lenyewe.

Jina la maradhi ndilo la kuanzia. Chama cha WAMATA, kilichoanzishwa mwaka 1989 na Theresa Kaijage na kutangulia vyama vingi vya namna yake, kilijiita Walio Katika Mapambano na AIDS Tanzania. Neno la kigeni limekaa ndani ya jina la Kiswahili bila kuona haya, na laonyesha kwamba wakati ule lilikuwa bado lapita masikioni mwa watu bila kikwazo. Baadaye UKIMWI ndilo lililoshinda, na namna lilivyoshinda yastahili kutazamwa. Ni ufupisho, lakini halikukaa kama ufupisho. Kwa kuwa linaanza na U, wasemaji waliliingiza papo hapo katika ngeli ya ugonjwa na umaskini, wakasema UKIMWI umeenea, UKIMWI huu, bila kufundishwa na mtu. Lilipofumbuliwa, hata hivyo, njia ziliachana: Tanzania husemwa Upungufu wa Kinga Mwilini, na Kenya mara nyingi husemwa Ukosefu wa Kinga Mwilini. Kilichopungua chaweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo. Kwa mtu aliyeanza kunywa dawa na kinga yake ikaanza kupanda, neno la kwanza lamwambia kweli na la pili lamwambia kwamba amekwisha.

Ufupisho wa pili, VVU, haukubahatika. Ni Virusi vya UKIMWI. (Kirusi chenyewe ni mfano mzuri wa werevu wa wasemaji: wamechukua neno la kigeni, wakalisikia kama wingi wa vi-, wakalitafutia umoja wake.) Ubaya uko katika ile -a- unganifu. Mhamasishaji amefundishwa kuwaambia watu kwamba kuwa na VVU si sawa na kuwa na UKIMWI, na jambo hilo ni la kweli na ni la lazima. Lakini jina alilopewa la kusemea lina UKIMWI ndani yake. Mzee wa kijijini anayeambiwa kwamba ana virusi vya UKIMWI, na katika sentensi ifuatayo akaambiwa kwamba hana UKIMWI, ana haki ya kuuliza kama anafanyiwa mzaha. Wahamasishaji wengi walilikimbia fumbo hilo kwa kusema wadudu. Neno hilo lina faida yake: watu wamezoea kusikia zahanati kwamba wamekutwa na wadudu wa malaria, wawili au watatu, na hivyo wanafahamu kwamba mdudu aweza kuwamo mwilini kabla mtu hajaanguka. Lina na hasara yake. Mdudu ni kitu cha kupondwa kwa kisigino, na aliyesemwa mitaani kwamba ana mdudu hakusemwa kwa huruma.

Hata hivyo jambo zito kuliko yote haliko katika majina. Liko katika sentensi moja fupi, iliyokaririwa na kurudiwa mno: UKIMWI hauna dawa. Iliposemwa mara ya kwanza ilikuwa kweli tupu, wala haifai kuwalaumu walioisema. Tangu mwaka 2004, dawa zilipoanza kutolewa bure nchini, kweli yake imegeuka, lakini sentensi haikugeuka. Kiswahili hakipambanui kwa neno dawa kati ya kinachoponya na kinachotuliza. Tiba nalo lina kasoro hiyo hiyo. Kitenzi kuponya ndicho kinachobeba tofauti peke yake, nacho hakikuandikwa katika mabango. Kwa hiyo mhamasishaji aliyesimama asubuhi uwanjani akasema UKIMWI hauna dawa, na jioni akampelekea jirani yake dawa zake za UKIMWI kwa kuwa mwenyewe aona haya kuonekana kliniki, amesema mambo mawili yasiyopatana katika siku moja, na msikilizaji ameachiwa achague.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwamo wenye VVU, na wapo walioacha dawa za hospitali. Sababu za safari zile ni nyingi, wala si kazi ya uhakiki wa lugha kuzimaliza. Lakini yafaa kutazama maneno yalivyokuwa yamepangwa wakati ule. Ile ya hospitali iliitwa dawa ya kupunguza makali, au dawa ya kurefusha maisha. Ile ya kikombe iliitwa dawa, basi. Kupunguza makali ni lugha ya kisu: kisu kilichopunguzwa makali ni kisu bado. Kurefusha maisha ni vibaya zaidi, kwani hurefushwa kitu ambacho mwisho wake umekwisha kuonekana. Mtu aliyeambiwa kwa miaka mingi kwamba hakuna dawa, kisha akapewa kitu chenye jina la kujitetea, hakosi kusikiliza pale jina linapotajwa bila nyongeza.

Katika maneno yote yaliyotungwa kwa ajili ya dawa hizo, lililo bora ni kufubaza. Limetoka katika fubaa, yaani kufifia, kupoteza mng'ao na nguvu. Halidai kuponya, wala halimkumbushi mtu kaburi. Lasema kwamba kitu kipo, na kwamba kimeshindwa kufanya kazi yake. Haijulikani kwa nini halikuenea upesi kuliko hayo mengine, isipokuwa labda kwa sababu watu wa mijini waliliona la kishamba.

Mitaani, lugha ilikwenda zake. Kagera watu walisema Juliana, kwa jina la kitambaa kilichouzwa na wafanya magendo wa mpakani. Uganda walisema slimu, kwa kukonda kwa mgonjwa. Dar es Salaam mtu alikanyaga miwaya, au alipata ngoma. Wakaguzi wa afya waliyaona majina hayo kuwa ni ujinga. Kumbe yalikuwa na akili yake. Anayekanyaga waya hakukusudia, wala hakuuona. Ndani ya mzaha huo mna msamaha ambao bango la ofisini halikuuweka. Mzaha mwingine ulikuwa wa ukaidi. Wanaume waliyachukua maandishi ya kigeni, AIDS, wakayafumbua upya: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Mwanafunzi wa sarufi ataona kwamba ni iniue, si uniue, maana neno lilikuwa bado la kigeni na lilichukua upatanisho wa ngeli ya maneno ya kigeni. Mwanafunzi wa mahubiri ataona jambo jingine. Bango lilisema kwamba maradhi yaua. Mzaha ulijibu kwamba na yaue. Kitisho kilikuwa kimeshikwa mkononi na kugeuzwa majivuno, na aliyeleta kitisho hakuwa na neno la pili.

Mhamasishaji wa mlangoni alihitaji neno la pili daima, kwa sababu hakuweza kuondoka. Gari la matangazo hupita, likaacha vumbi. Yeye kesho angekutana na mtu yule yule kisimani, sokoni, msibani. Hii ndiyo sharti iliyoitengeneza lugha yake: alilazimika kusema jambo la chumbani mbele ya mama mkwe, na alisema kwa fumbo. Akataja pipi na ganda lake, akataja soksi, akacheka kidogo, wakacheka naye. Watu wa adabu za pwani hawatashangaa, kwani ndivyo somo alivyomfundisha mwari tangu zamani. Aliyekwenda na neno kondomu tupu mdomoni, kama alivyolikuta katika kijitabu, aghalabu alifungiwa mlango.

Redio ilimsaidia kwa njia ambayo watungaji wake huenda hawakuikusudia yote. Mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kusikika Radio Tanzania mwaka 1993, ulimleta Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Mkwaju alikufa mchezoni, lakini jina lake lilibaki na kuwa nomino ya kawaida. Mtu akaonywa asiwe mkwaju. Miaka kadhaa baadaye matangazo ya Fataki yalifanya vivyo hivyo kwa mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Thamani ya majina haya haiko katika mafunzo yaliyoyazunguka, ambayo yalikuwa ya kawaida sana. Iko katika matumizi. Jina la mchezoni lilimwezesha msichana amwambie mzee wa heshima jambo ambalo asingethubutu kulisema kwa maneno yake mwenyewe. Fataki! akasema mmoja stendi, wenzake wakaangua kicheko, na mzee akaondoka. Hakuna aliyeshtakiwa, na wote wameelewa.

Tamthilia zilizochapwa zastahili kupimwa kwa mizani hii hii. Ushuhuda wa Mifupa ya Ibrahim Ngozi yatangaza nia yake tangu jalada: shahidi ni mifupa. Ni ya wakati wa hofu, na hofu imo humo barabara. Kilio Chetu, iliyotolewa na Medical Aid Foundation mwaka 1995 na kusomwa shuleni kwa miaka mingi, imepata lawama kwamba ni mahubiri yaliyovishwa mazungumzo. Lawama hiyo ina haki nusu. Vijana wake, Joti na Anna, ni wepesi; mtu huwaona wakienda shimoni tangu mbali. Lakini wazazi wake si wepesi. Ubishi wao juu ya kuwaambia watoto mambo ya mwili au kutowaambia ni ubishi halisi wa nyumba za Kiswahili, na mama anayekataa hakufanywa mpumbavu. Ana sababu zake, na sababu zake zina adabu ya karne nyingi nyuma yake. Mahali hapo mchezo wasikiliza kabla ya kusema.

Orodha ya Steve Reynolds, iliyotoka mwaka 2006, imekwenda mbali zaidi, ingawa lugha yake ni kavu na mara nyingine yafanana na tafsiri. Msichana Furaha amefariki, ameacha barua, na wanaume wa kijiji watetemeka kwa kuwa wanadhani ndani yake mna orodha ya majina yao. Isomwapo, si majina ya watu. Ni orodha ya mambo ambayo yangalimwokoa. Ufundi wote wa mchezo uko katika kugeuza swali moja kuwa jingine: kijiji chauliza nani, na barua yajibu nini. Kila mhamasishaji aliyewahi kufika penye msiba alilijua swali la nani, maana ndilo la kwanza kunong'onwa jikoni, na alijua kwamba likijibiwa hakuna litakalosikika tena.

Na bado, kuna kitu ambacho tamthilia hizi zote tatu zimekikosa, na ambacho kilikuwa kimekwisha kufanyika nje ya jukwaa. Katika Ushuhuda wa Mifupa ushahidi ni wa wafu; katika Orodha maneno ya maana kuliko yote ni ya maiti, yamesomwa baada ya mazishi. Mkwaju naye alifundisha kwa kufa. Fasihi ya UKIMWI imezoea kumpa mwenye virusi ulimi akiwa amekwisha kwenda. Wahamasishaji waliosimama mbele ya majirani zao wakasema kwamba wao wenyewe wanaishi na VVU walivunja kanuni hiyo ya utungaji kabla mwandishi yeyote hajaivunja. Ushuhuda wao haukuwa na mifupa. Ulikuwa wa mtu aliyeota mgongo jua asubuhi, mwenye shamba la kupalilia, ambaye angeweza kuulizwa swali na kujibu. Baadaye kazi hiyo ilipewa cheo na jina, WAVIU washauri, watu wanaoishi na virusi walio kliniki kuwapokea wapya na kuwafuata majumbani wale waliokatisha dawa.

Jina hilo latia nafasi ya kusema juu ya maneno mawili. La kwanza ni waathirika, lililotumiwa kwa muda mrefu na ambalo wenyewe walilikataa. Mwathirika ni mtu aliyefanyiwa, hana kitendo. Anayeishi na VVU ana kitenzi, na kitenzi chenyewe ni kuishi. Tena katika Kiswahili mtu huishi na mume, huishi na shangazi, huishi na mpangaji msumbufu wa chumba cha pili. Ni maisha ya kuvumiliana, wala si ya kuuawa. La pili ni ushauri, ambalo maofisa wameliongezea nasaha likawa ushauri nasaha, maneno mawili ya maana moja yaliyofungwa pamoja kana kwamba moja lilikuwa halitoshi. Na kweli halikutosha, kwa sababu ambayo huenda hawakuifikiria. Shauri katika Kiswahili lina nyuso mbili: watu hufanya shauri pamoja, na mtu huambiwa shauri lako, yaani ujijue mwenyewe. Kijitabu kinachomaliza kwa amri, kapime, tumia, acha, chamwachia msomaji shauri la aina ya pili. Mshauri aliyekaa kwenye mkeka na mwenzake afanya la aina ya kwanza. Kanuni za kazi zinamtaka azungumze kabla ya kipimo na baada yake. Lakini wala haikupangwa kwamba matokeo ya kipimo yaitwe majibu, kama watu wote wanavyoyaita. Majibu huja baada ya swali. Mwenye kuyapokea ataka kujua ni yeye aliyeuliza, au ni wengine walioulizana habari zake.

Hayo hayana maana kwamba kila mhamasishaji alisema vema. Wengi walikariri. Wapo waliofika na orodha ya dhambi badala ya habari, na wapo waliomaliza kila kikao kwa kuuliza, Je, mmeelewa? wakapata lile tumeelewa la pamoja, refu, la kuimba, ambalo kila mwalimu alijua kwamba maana yake ni turuhusu twende. Neno unyanyapaa, kwa mfano, ni la kusifiwa: limejengwa juu ya kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kumwepuka mtu kwa kinyaa, na limeingia hadi katika sheria ya mwaka 2008 iliyokataza jambo lenyewe. Lakini lilipopita katika semina nyingi likawa kaulimbiu, na wasemaji wakaanza kulilaani neno hilo jukwaani huku wakimtengea mgonjwa kikombe chake nyumbani. Huko Malya, mkoani Mwanza, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wameonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya maradhi haya kujulikana, kwamba wanakijiji wapewe kwanza nafasi ya kusema tatizo lao, kisha mchezo utungwe humo. Vikundi vingi vilivyokuja baadaye vilianza na mchezo, na nafasi ya kusema ikawekwa mwisho, ikiwa jua halijazama.

Kuhusu neno kujitolea lenyewe, mwaka 2025 umelitia katika mwanga mwingine. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake mwanzoni mwa mwaka huo, kazi nyingi za jamii zilizotegemea fedha hizo, Tanzania na kwingineko, zilipunguzwa au zilisimama, na posho ndogo za nauli zikakatika. Kujitoa na kujitolea hutofautiana kwa kiambishi kimoja tu: wa kwanza huondoka, wa pili hubaki kwa ajili ya mwingine. Taarifa za miradi zilimhesabu mhudumu kama mtu aliye katika zamu. Jirani zake hawakuwa na zamu hiyo, na waligonga mlango wake kama zamani.

Kazi iliyo mbele ya watu hao sasa ni ngumu kuliko zote za nyuma, nayo ni ya lugha. Yatakiwa ielezwe kwamba mtu anywaye dawa zake sawasawa, hata virusi vikapungua kiasi cha kutoonekana katika kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ofisi zimekwisha kutoa tafsiri: virusi havigunduliki, au havionekani. Kwa msemaji wa Kiswahili kisichoonekana hakipo. Ufunguo usioonekana umepotea. Aliyeambiwa hivyo ana kila sababu ya kuacha dawa kesho yake, na akiziacha virusi vitarudi. Kufubaa lingefaa, kwani limekwisha kutumika. Lingefaa vilevile neno la nyumbani zaidi, kulala: virusi vimelala. Mama yeyote aliyembembeleza mtoto usiku kucha afahamu tofauti kati ya mtoto aliyelala na mtoto aliyeondoka, na ajua ni nani anayepaswa kutembea polepole chumbani.